Waya wa Breki ya Mkono

Kwaya ilikuwa bado inaimba walipomkuta Mzee Kashindye amekufa.

Gari lake, Carina nyeupe ya zamani, lilikuwa limeteremka kilima kile cha Ilemela na kugota pua kwenye jiwe kubwa, karibu kabisa na ua wa watu waliokuwa wanakula chakula cha Jumapili. Kioo cha mbele kilikuwa kimesambaa juu ya boneti. Mzee alikuwa ameegemea usukani, suti yake ya kanisani imelowa damu kifuani. Kutoka ndani ya dashibodi sauti za akina mama zilipanda na kushuka, zikimsifu Mungu kana kwamba hakuna lililotokea.

Inspekta Hellen Shigela aliinama dirishani. Alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Kilichomvuta macho ni redio. Ilikuwa kubwa, mpya, yenye kioo kipana, imepachikwa katikati ya dashibodi iliyopasuka kwa jua. Jino la dhahabu kwenye mdomo wa kibogoyo. Lakini kioo chake hakikuwa na picha. Kilikuwa cheusi tii, na katikati yake mstari mmoja wa maandishi ambayo Hellen hakuyajua.

"Kijapani hicho, afande," alisema Koplo Mihayo, msaidizi wake.

"Kinasemaje?"

"Mimi nimesoma Sengerema, afande."

"Kipige picha. Halafu zima."

Mihayo alipiga picha, kisha akaingiza mkono na kuzungusha funguo. Kwaya ikakatika. Ndipo waliposikia kilio cha mwanamke kutoka juu, barabarani.

Kabla ya kupanda huko, Hellen alivaa glavu na kukagua ndani ya gari. Injini haikuwa imewashwa. Funguo ilikuwa kwenye hatua ya kwanza, ya kusikilizia redio. Gia ilikuwa huru. Breki ya mkono ilikuwa imelala chini kabisa. Gari lililoachwa hivyo kwenye mteremko halihitaji shetani wa kulisukuma.

Mwanamke aliyekuwa akilia alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo ya geti lililo wazi. Alikuwa wa umri wa makamo, nguo zake safi, viatu vyake vya kanisani vimejaa vumbi.

"Pole sana, dada," alisema Hellen, akichuchumaa mbele yake.

"Asante, afande."

"Jina lako?"

"Gladness Kashindye. Huyo ni baba yangu. Ninaishi naye hapa, mimi ndiye ninayemuuguza."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna. Gari lilikuwa limesimama hapa ndani ya ua. Baba alikuwa kwenye usukani, anamwangalia mama."

"Mama yuko wapi?"

"Alishafariki, afande. Yumo kwenye DVD ya kwaya. Tangu redio hiyo ifungwe, kila tukirudi kanisani baba habanduki garini. Anamwangalia mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishuka kufungua geti. Tulitaka kwenda ufukweni, anapenda kutazama maji. Nikasikia matairi. Kugeuka hivi, gari linanipita. Baba bado anamwangalia mama kwenye kioo. Hata mimi hakuniona."

"Breki ya mkono?"

"Niliivuta mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu apate kiharusi, na hendibreki ile ni ngumu, naivuta kwa mikono miwili. Gia ya kuegeshea ilikufa zamani. Gari linashikwa na hendibreki peke yake."

Alisema yote hayo bila kukwama, machozi yakimtoka. Hellen alimwamini. Baadaye alijilaumu kidogo, lakini si sana, kwa sababu machozi yale yalikuwa ya kweli.

*

Kaka mtu alifika kesho yake kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar. Jina lake Nathaniel, mtu wa saa kubwa na sauti kubwa. Hakuwa amekanyaga Mwanza tangu mazishi ya mama yake, lakini kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshamjua muuaji.

"Ni fundi!" alisema, akigonga meza ya Hellen. "Ile redio ya navigesheni niliiagiza mimi, Japani, ya kiwandani kabisa, imetoka kwenye gari la kifahari. Nimemtumia baba ili imwongoze njia. Kitu safi! Fundi wa uchochoroni kaenda kuliharibu gari."

"Ameharibu nini?"

"Njoo uone."

Gari lilikuwa limevutwa hadi nyuma ya kituo. Nathaniel alinyanyua kifuniko cha plastiki kilichozunguka breki ya mkono. Chini yake kulikuwa na waya mwembamba wa buluu, umetoka kwenye redio ukapita chini ya zulia hadi kwenye kitako cha breki.

"Waya wa redio unatafuta nini kwenye hendibreki?" aliuliza Nathaniel.

Hellen aliufuata waya kwa kidole, akatikisa kichwa. Mihayo naye alitikisa kichwa. Wote wawili walikuwa wameona magari mengi yaliyofungwa redio za namna hiyo mjini, na hakuna hata moja lililokuwa na waya mahali pale.

Jioni hiyo Suhaib, fundi wa redio za magari wa Mabatini, alikuwa mahabusu. Vijana wa ukoo wa Kashindye walikuwa wameshamtembelea kabla ya polisi. Kibanda chake kilikuwa kimevunjwa, spika zimetupwa mtaroni. Mkewe, Mastura, alikaa kwenye benchi la kaunta na chupa ya chai, akimwuliza kila askari aliyepita kama mumewe atafungwa.

"Wewe ni fundi wa nini hasa?" alianza Hellen.

"Redio za magari, afande. Mabatini nzima hunipati mwenzangu. Hata Nyakato wananifuata." Suhaib alikuwa na jicho limevimba, lakini majivuno hayakuwa yamevimba wala kupungua, yalikuwa pale pale.

"Kwa nini ulichezea breki ya mkono?"

"Sikuichezea. Niliunga waya kwenye swichi yake, ile inayowasha taa nyekundu kwenye dashibodi. Haigusi breki hata kidogo."

"Magari mengine unaunga hapo?"

"Hapana. Mengine yote naunga kwenye bodi ya gari, kwenye chuma chake."

"Na hili kwa nini tofauti?"

"Mzee alinikatalia! Afande, redio hizi za kiwandani zimetengenezwa kwa sheria za huko kwao. Picha haitokei mpaka hendibreki iwe juu, ili dereva asiangalie sinema anaendesha. Sasa wateja wetu wanataka mpira na bongofleva barabarani. Kwa hiyo tunachukua ule waya wa hendibreki tunauunga kwenye bodi. Redio inadanganyika, inadhani hendibreki iko juu siku zote."

Mihayo aliguna. "Shemeji yangu anaangalia mpira toka hapa mpaka Magu."

"Kwa sababu fundi wake kaudanganya. Mwanza nzima imedanganywa. Ila Mzee Kashindye alifundisha udereva maisha yake yote. Nilipotaka kuunga kwenye bodi akanisimamia kichwani kama mtihani. 'Kijana, kwenye gari langu hakuna kuvunja sheria. Weka kama kiwanda kilivyotaka.' Nikaweka."

"Kwa hiyo navigesheni ilikuwa inamwonyesha njia vizuri?"

Suhaib alicheka, kisha akashika jicho lake. "Njia gani? Ramani iliyomo ni ya Japani. Hapa Mwanza mshale unaelea baharini tu, samawati tupu. Mtoto wake aliahidi kutuma kadi ya ramani ya Tanzania. Mpaka leo. Mzee akawa anaangalia kwaya."

Hakuna aliyemjali. Mtu aliye mahabusu husema mengi, na mwenye majivuno huaminiwa kidogo kuliko wote.

*

Mkaguzi wa magari alifanya kazi yake bila haraka. Alilivuta gari kwenye mwinuko wa nyuma ya kituo, akavuta breki ya mkono, likashika. Akalisukuma yeye na askari wawili, halikusogea. Breki ya mguu nayo ilikuwa nzima.

"Sasa ilikuwaje ikaachia?" aliuliza Hellen.

"Haikuachia. Breki hii ikivutwa inashika. Na huo waya hauwezi kuifanya chochote. Mtu hakuivuta, au mtu aliishusha."

Hellen alikwenda msibani. Alimwita Gladness kando, nyuma ya jiko la nje, mbali na akina mama waliokuwa wamekaa kwenye mikeka.

"Dada, una hakika uliivuta hendibreki?"

Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, anaizungusha kidoleni.

"Labda nilisahau, afande. Nilikuwa na haraka ya geti. Sijui tena."

"Siku ile ulisema uliivuta."

"Nilisema. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Labda sikuivuta kabisa. Tulifika, akawasha DVD, akaanza kumwangalia mama, na mimi nikashuka. Nitakuwa nilisahau."

Nathaniel alitokea nyuma yao. "Gladness, acha kujibebesha mzigo! Unamtetea yule mhuni wa nini? Afande, huyu dada yangu ana moyo mwepesi. Fundi aende mahakamani."

Gladness aliinamisha uso. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hellen aliona hilo, na halikumpendeza. Mtu aliyesahau breki akamwua baba yake, halafu mtu mwingine anafungwa kwa ajili hiyo, angalau angenyanyua uso.

Alipokuwa anatoka, jirani alimshika mkono. Alikuwa Mama Justa, mjane mwenye nyumba ya juu kidogo ya ile, juu ya mawe.

"Shikamoo, mama," alisema Hellen.

"Marahaba, mwanangu. Nyie mmemshika kijana wa watu. Mimi niliongea na Mwalimu Kashindye muda ule ule."

"Lini?"

"Jumapili hiyo hiyo! Nilikuwa nakatiza uani kwao, nikamwamkia dirishani. Akaniambia, njoo umwone mwenzako. Nikachungulia. Nilimwona marehemu Evelina waziwazi, mkewe, kavaa kitenge cha njano, kafungua mdomo anaimba. Tulikuwa naye kwaya moja. Mwili wote ulinisisimka."

"Gladness alikuwa wapi?"

"Kakaa kiti chake cha kushoto. Hicho ndicho kiti chake, maskini. Mwalimu tangu augue alikuwa hajui njia, akitoka hapa hajui kanisa liko kulia au kushoto. Gladness ndiye aliyekuwa anamwambia, kata hapa, punguza, simama. Aliacha kazi ya ualimu Geita kwa ajili hiyo. Na mchumba wake alisubiri mpaka akachoka."

Hellen alifikiri: mwalimu wa sheria za barabarani anaendesha bila kujua kulia na kushoto, na sheria anayoishika ni ya sinema. Alikasirika, kisha akaona aibu kumkasirikia maiti.

"Na baada ya kumwamkia?"

"Nilienda zangu. Sijafika hata mlangoni, nikasikia kishindo."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuishi kwa Mzee Kashindye. Mama Justa alimsimulia Hellen jinsi Mwalimu alivyosimama kanisani asubuhi ile kutoa shukrani, akasema, "Mwanangu Nathaniel kanipa macho," na waumini wakapiga vigelegele.

"Gladness alifanya nini?"

"Alipiga makofi kama wengine. Angefanya nini?"

*

Mkuu wa upelelezi alitaka fundi apelekwe mahakamani kesho yake. Hellen aliomba muda wa mchana mmoja. Alikwenda nyuma ya kituo na Mihayo na betri ya gari la doria.

"Tunatafuta nini, afande?"

"Sijui kama tunatafuta. Funga betri."

Redio iliwaka. DVD ilikuwa bado imo ndani. Akina mama walianza kuimba pale pale walipokuwa wamekatishwa Jumapili, na Mihayo akapiga ishara ya msalaba. Kioo kilikuwa cheusi, na mstari ule wa Kijapani katikati.

"Kimekufa kioo," alisema Mihayo. "Kimegongwa."

Hellen aliketi kiti cha kushoto, kiti cha Gladness. Akashika breki ya mkono kwa mikono miwili, akaivuta. Ilikuwa ngumu kweli. Ilimbidi akaze meno.

Kioo kikajaa rangi. Akina mama walikuwa wamejipanga mbele ya madhabahu, wanayumba pamoja, na mmoja wao, mwembamba, mwenye kitenge cha njano, alikuwa amefungua mdomo kuliko wote.

Hellen alinyanyua kidogo, akabonyeza kitufe, akashusha breki. Evelina akatoweka. Sauti yake ikabaki, inaimba gizani. Akavuta tena, akarudi. Akashusha; akapotea.

Mihayo alikuwa ameacha mdomo wazi. "Kwa hiyo fundi alikuwa anasema kweli."

"Kila neno. Sikiliza, Mihayo. Mama Justa alimwona huyu mama kwenye kioo. Maana yake hendibreki ilikuwa juu. Gladness hakusahau kuivuta. Aliivuta, kama alivyosema mwanzo. Sisi tumefika, kioo cheusi, breki iko chini. Nani aliishusha?"

"Mzee mwenyewe?"

"Kwa mkono upi?"

Mihayo alitazama kiti cha dereva, akanyoosha mkono wake wa kushoto hewani, akauacha ukaanguka.

Waya ule ule uliompeleka Suhaib mahabusu ndio uliokuwa unamtoa. Hellen hakufurahi. Alijua sasa lazima amlete mwanamke yule hapa, akae kwenye kiti hiki.

*

Gladness alikuja na nguo nyeusi, bila kuuliza anaitiwa nini. Hellen alimfungulia mlango wa kushoto. Alisita, kisha akaketi, akaweka mikono mapajani. Alikaa kama mtu aliyezoea.

"Sema kama hutaki kujibu," alisema Hellen. "Hulazimishwi. Utakachosema kinaandikwa, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Baba yako alipokuwa anamwangalia mama yako, hendibreki ilikuwa juu au chini?"

"Nimeshasema. Nilisahau kuivuta. Ilikuwa chini."

"Na picha ilionekana?"

"Ilionekana. Picha si huwa inaonekana tu?"

"Kwenye gari la nani?"

"La yeyote. Teksi, bajaji, magari yote."

Hellen alizunguka akaketi kiti cha nyuma, akanyoosha mkono kuwasha redio. Kwaya ikaanza, kioo cheusi.

"Haya, mwonyeshe mama yako."

Gladness alibonyeza kioo. Akabonyeza tena. Hellen akapitisha mikono katikati ya viti, akavuta breki. Evelina akatokea, na binti yake akaruka kitini kama aliyeungua.

"Baba yako alimkataza fundi kuunga ule waya kama wengine. Kwenye gari hili, picha ni breki. Breki ikiwa juu, mama yupo. Breki ikiwa chini, mama hayupo. Mama Justa alimwona mama yako. Kwa hiyo uliivuta, Gladness. Nani aliishusha?"

Hellen akashusha breki. Kioo kikawa cheusi.

Mwanamke yule alitazama weusi ule. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana alisema, 'Gladness, mama yako kapotea.' Gari limeshaanza kwenda. Anagongagonga kioo kwa kidole. Hakutazama mbele hata kidogo. Nilidhani anaweweseka. Kumbe kweli mama alipotea." Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nieleze tangu mlipotoka kanisani."

"Ulisikia alichosema kanisani?"

"Nimesikia."

"Kanipa macho! Macho gani? Afande, mshale ule uko baharini, Japani huko. Tumetoka kanisani, mimi ndiye ninayesema, baba kata kulia, baba punguza, baba kuna mbuzi. Tumefika nyumbani kwa mdomo wangu. Na yeye njia nzima anapapasa kile kioo, anasema, Nathaniel mtoto, Nathaniel ana akili. Nathaniel hajawahi hata kumkata kucha."

"Mkafika."

"Tukafika. Nikavuta hendibreki. Akawasha DVD. Mama Justa akaja akaondoka. Nikashuka kufungua geti, nikarudi. Nimefungua mlango niingie, nikamwuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nikasema, baba, na mimi je? Mimi nilikupa nini?"

"Akasemaje?"

"Hakugeuka. Anamwangalia mama. Akasema, 'Wewe? Wewe si ulikuwepo tu.'"

Kwaya ilikuwa inaendelea. Mihayo, aliyekuwa anaandika maelezo juu ya boneti, alisimamisha kalamu.

"Nilikuwa nimeinama, hendibreki iko hapa chini ya mikono yangu. Nikaishika. Nikanyanyua, nikabonyeza, nikashusha. Nikafunga mlango."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka ageuke. Basi. Anitazame." Alivuta pumzi. "Halafu gari likaanza kwenda, pole pole. Afande, lilienda pole pole sana pale mwanzo. Mguu wake wa breki ulikuwa mzima. Angekanyaga, lingesimama. Ila yeye hakanyagi mpaka nimwambie. Tangu augue ni mimi ninayesema, baba kanyaga, na anakanyaga. Likanipita hapa, dirisha liko wazi, angenisikia. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa makusudi?"

"Nilinyamaza. Nilisema moyoni, acha macho yake yamwambie."

Hellen alizima redio. Hakutaka kusikia tena kwaya ile maishani mwake.

"Na Suhaib? Ungemwacha afungwe?"

"Nathaniel alisema ni fundi. Watu wote wakasema ni fundi. Kwa mara ya kwanza kila mtu ananihurumia, ananiletea uji, ananiambia lala." Alifuta uso kwa khanga. "Ndiyo. Ningemwacha."

*

Suhaib alikuwa kaunta anarudishiwa mkanda na simu yake walipoingia na Gladness. Mastura alisimama kutoka kwenye benchi, akamshika mumewe mkono. Askari wa kaunta alikuwa ameshafungua kitabu kumwandika mtuhumiwa mpya.

"Dada," alisema Suhaib. "Ungeniacha nioze humu ndani?"

"Nisamehe," alisema Gladness.

"Kibanda changu wamevunja. Jicho langu hili. Na mzee wa watu alivyokuwa anakupenda."

"Twende, baba," Mastura alimvuta.

"Usiniletee uongo," alisema Gladness.

"Uongo wa nini sasa, si nimeshaachiwa? Siku aliyokuja kuchukua gari alinisumbua kweli. Anasema, kijana, ulizia mwenyewe hiyo kadi ya ramani, huyu mwanangu wa Dar ananizungusha. Nikamwambia, haraka ya nini, mzee, si una binti anakuelekeza? Akasema, ndiyo maana. Nimemkalisha kiti cha kushoto mpaka ujana wake umeisha. Nikipata kitu cha kunionyesha njia, aende akaishi maisha yake." Suhaib alikuwa anafunga mkanda huku anasema, hakuwa ametazama uso wa mwanamke yule. Alipoutazama, mikono yake ikasimama kwenye mkanda.

Gladness alishika ukingo wa kaunta.

"Alisema hivyo?"

"Haki ya Mungu."

"Alikuambia wewe." Aligeuka kwa Hellen, kwa Mihayo, kwa askari mwenye kitabu, kana kwamba mmoja wao lazima ajue. "Mbona hakuniambia mimi?"

Hellen alijawa na hasira, na safari hii hakuona aibu kumkasirikia maiti. Mzee mzima, mdomo anao, maneno anayo, akaenda kuyamwaga kwa fundi redio wa Mabatini, na kwa mtoto aliyemlisha kwa kijiko akabakiza machache ya kumchoma. Leo yeye yuko kaburini, na binti yake anakwenda kujibu kesi ya mauaji.

Mastura alimtoa mumewe nje bila kusema kwaheri. Askari wa kaunta alikohoa, akauliza jina kamili, na Gladness akalitaja, herufi moja moja, kwa sauti ya mwalimu.

Hellen alitia sahihi hati ya kumwachia fundi, akamrudishia Mihayo kalamu, akaenda kumtafutia Gladness maji ya kunywa.